Kompyuta nyepesi, hati za mzigo hazionekani

KIGALI. Fundi alinirudishia kompyuta yangu mpakato saa kumi na mbili jioni, katika kiduka chake chembamba kwenye ghorofa moja katikati ya jiji, akanihakikishia kwamba sasa itakimbia. Kweli ikakimbia. Iliwaka upesi, Excel ikafunguka bila kusuasua, na ule mlio wa diski uliokuwa ukinisindikiza kila asubuhi ukanyamaza. Nikalipa, nikashukuru, nikaenda zangu.

Wiki mbili baadaye nilihitaji waraka wa zamani kuhusu kituo cha mpaka cha Rusumo. Nikaandika neno "Rusumo" katika kisanduku cha kutafutia, kama nilivyozoea. Kompyuta ikazungusha kiduara chake kwa muda mrefu, kisha ikanijibu kwamba hakuna kitu. Nikajaribu "forodha". Hakuna. Nikajaribu "malori". Hakuna. Moyo ukanidunda. Nilidhani kazi ya miaka minne imefutwa.

Haikufutwa. Waraka ulikuwa palepale ulipokuwa siku zote, katika folda ya vitu vilivyopakuliwa kutoka mtandaoni, ukiwa na jina lisilo na maana, "document" na namba tatu mbele yake. Neno Rusumo lilikuwa ndani ya waraka, si katika jina lake. Fundi, kwa nia njema kabisa, alikuwa amezima ile sehemu ya Windows inayosoma mafaili chinichini na kuyawekea faharasa ili yatafutike. Kompyuta ilipata wepesi, mimi nikapoteza njia ya kuufikia waraka wangu.

Kwangu mimi hasara ilikuwa jioni moja na makala iliyochelewa. Kwa mfanyabiashara anayevusha bidhaa Rusumo, Gatuna, Kagitumba au kati ya Rubavu na Goma, jambo hilohilo linaweza kumkuta siku mbaya zaidi, yaani siku afisa wa forodha anapoomba hati ya mzigo uliokwisha kuuzwa, kuliwa na kusahaulika.

Forodha haisahau upesi

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, ambayo Rwanda imeitumia tangu ilipoingia rasmi katika Umoja wa Forodha mwezi Julai 2009, ina kifungu ambacho wafanyabiashara wadogo hawakisomi mara nyingi. Kifungu cha 235 kinampa afisa wa forodha uwezo wa kumtaka mwenye bidhaa, ndani ya miaka mitano tangu tarehe ya kuingiza au kusafirisha nje bidhaa hizo, atoe vitabu, kumbukumbu na hati zote zinazozihusu. Kifungu cha 135 nacho kinaruhusu ushuru uliotozwa pungufu kudaiwa baadaye, ndani ya miaka mitano hiyohiyo.

Miaka mitano ni mingi kwa kompyuta ya dukani. Ndani ya muda huo inaweza kubadilisha mmiliki, kufutwa na kuwekewa Windows upya, au kupita mikononi mwa mafundi watatu. Hati nazo huzaana. Mzigo mmoja wa mchele au saruji kutoka Dar es Salaam, safari ya kilomita takriban 1,500 hadi Kigali, huja na ankara ya muuzaji, orodha ya vifurushi, cheti cha asili ya bidhaa, tamko la forodha, risiti za malipo, mkataba wa msafirishaji na barua pepe za wakala. Mfanyabiashara anayeleta mizigo miwili kwa mwezi atakuwa na hati zaidi ya mia moja na hamsini kwa mwaka. Baada ya miaka mitano atakuwa na mamia mengi, na nyingi zitakuwa na majina zilizopewa na mashine ya kuskani au na simu.

Hata mama anayevuka na mzigo mdogo hayuko nje ya hesabu hii. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya unamruhusu mwenye bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, zilizotoka ndani ya nchi wanachama, kutumia cheti rahisi cha asili kinachotolewa palepale mpakani. Karatasi hiyo hupigwa picha kwa simu, ikatumwa kwa mwana au mpwa mwenye kompyuta, na hapo inaingia katika bahari ileile ya mafaili.

Kwa hiyo swali la kuzima au kutozima faharasa ya kompyuta halimhusu fundi peke yake. Ni swali la uhasibu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari lipo, ila limo ndani ya mashine, na ukurasa wake unaweza kufungwa kwa mibofyo minne na mtu asiyejua biashara yako.

Karani anayezunguka ghalani

Mtu aliyewahi kutoa mzigo katika maghala ya Magerwa, Gikondo, ataelewa jambo hili upesi. Fikiria ghala kubwa lenye karani anayezunguka kila mara akiandika katika kitabu chake kwamba magunia ya fulani yako safu ya tatu, na katoni za fulani ziko nyuma ya nguzo. Ukifika na karatasi yako, hatembei ghala zima kukutafutia. Anafungua kitabu na kukuelekeza.

Huduma iitwayo Windows Search ndiyo karani huyo. Imekuwa sehemu ya Windows tangu toleo la Vista, lililoingia sokoni mwaka 2007, mwaka uleule Rwanda ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kompyuta ikiwa imewashwa, huduma hiyo hupita katika folda zako, husoma jina la kila faili, tarehe yake na, kwa aina nyingi za mafaili, maneno yaliyo ndani, kisha huyaweka katika kitabu chake kilichofichwa kwenye diski. Ukiandika "Rusumo", kompyuta haifungui mafaili elfu kumi. Inasoma kitabu tu, na jibu linakuja kabla hujamaliza kuandika.

Karani huyu ana mipaka yake. Kwa mpangilio wa kawaida hazunguki kompyuta nzima. Anashughulikia folda za mtumiaji, kama zile za nyaraka, picha, meza ya kazi na vitu vilivyopakuliwa, pamoja na barua pepe za programu ya Outlook iliyowekwa kwenye kompyuta. Kama unahifadhi hati zako katika sehemu ya pili ya diski, ile inayoitwa D, au katika diski ndogo ya kuchomeka, huenda hajawahi kuzigusa hata siku moja. Kwa mtu wa namna hiyo, kuzima faharasa hakubadilishi mengi.

Tena karani hasomi picha. Hati iliyopigwa kwa simu na kutumwa kwa WhatsApp hufika ikiwa na jina kama IMG-20230514-WA0007. Wewe unaona cheti cha asili chenye mhuri. Kompyuta inaona picha tu, na kitu pekee kinachoweza kutafutwa ni jina hilo na tarehe. Hali ni hiyohiyo kwa hati nyingi zilizoskaniwa. Zinaitwa PDF, lakini ndani yake mna picha ya karatasi, hamna maneno.

Kwa nini mafundi huizima

Tusiwalaumu mafundi. Wanayo sababu. Kompyuta nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu mjini ni za mtumba, na nyingine zimekuja na kibodi ya Kifaransa yenye herufi A mahali tulipozoea Q. Zenye umri mkubwa hutumia diski ya kuzunguka, yaani sahani zinazozungushwa na kusomwa kwa sindano. Diski ya namna hiyo ina sindano zinazokwenda pamoja. Karani akiitumia kusoma mafaili na wewe ukitaka kufungua Excel, mnapanga foleni. Kompyuta hugugumia, taa ya diski humetameta bila kukoma, na feni hulia.

Hali huwa mbaya zaidi katika nyakati tatu. Ya kwanza ni kompyuta ikiwa mpya mikononi mwako, au imewekewa Windows upya, kwa kuwa kitabu kinaandikwa kuanzia ukurasa wa kwanza na kazi hiyo inaweza kuchukua saa kadhaa. Ya pili ni unapomwagia mashine maelfu ya mafaili kwa mpigo mmoja, mathalani picha zote za simu. Ya tatu ni kitabu chenyewe kinapoharibika, pengine kwa sababu umeme ulikatika kompyuta ikiwa inaandika. Hapo karani hurudia kazi ileile siku baada ya siku bila kuimaliza.

Kwa fundi mwenye wateja sita wanaosubiri, kuzima huduma hiyo ni kazi ya dakika moja, na matokeo yanaonekana papo hapo. Faida ni ya kweli: diski hupumzika, prosesa hupata nafasi, betri hudumu kidogo zaidi. Hata nafasi kwenye diski huongezeka, ingawa si sana. Microsoft yenyewe inaeleza kwamba kwa kawaida faharasa huchukua chini ya asilimia 10 ya ukubwa wa mafaili yaliyoorodheshwa.

Lakini faida hiyo inategemea mashine uliyonayo. Kwenye kompyuta yenye diski ya kisasa aina ya SSD, isiyo na sahani wala sindano, karani anapita bila kusikika, na kumfukuza hakuleti tofauti ya maana. Isitoshe, ameundwa apunguze kasi anapoona unafanya kazi na kuendelea unapokwenda kunywa chai. Mara nyingi kompyuta inayosuasua ina ugonjwa mwingine: kumbukumbu ya RAM ni ndogo, diski imejaa pomoni, programu kumi zinajiwasha zenyewe asubuhi, au programu ya kukinga virusi inapekua kila kitu. Ukimfukuza karani wakati mgonjwa ni mlinzi, ghala linabaki bila kitabu na tatizo linabaki vilevile.

Yanayofuata baada ya kuzima

Kwanza na muhimu kuliko yote ni kwamba hakuna hati inayofutwa. Hilo linafaa kurudiwa kwa sababu hofu ya kupoteza hati humsukuma mtu kufanya makosa makubwa zaidi, kama kumpa fundi mwingine mashine "airudishe data", na mashine ikarudi ikiwa imefutwa kweli.

Kinachobadilika ni namna ya kutafuta. Ukiandika neno katika folda, kompyuta sasa italazimika kupita faili moja baada ya jingine. Kwenye diski ya kuzunguka yenye mafaili mengi, unaweza kungoja dakika kadhaa. Lenye madhara zaidi ni kwamba, kwa mpangilio wa kawaida, mahali pasipo na faharasa Windows hutafuta majina ya mafaili tu na haiangalii maneno yaliyo ndani. Hapo ndipo niliponaswa. Kompyuta haikusema kwamba haikuangalia ndani. Ilisema hakuna kitu kinacholingana, na mtu aliye na haraka huelewa kwamba hati haipo.

Sehemu ya kutafutia iliyo kwenye menyu ya kuanzia nayo hudhoofika. Programu bado zitapatikana, lakini mafaili yako yanaweza yasitokee, au ukaona ujumbe unaosema kwamba faharasa imezimwa na kukuuliza kama unataka kuiwasha. Wengi huupuuza.

Wanaotumia Outlook ya zamani iliyowekwa kwenye kompyuta huumia zaidi. Programu hiyo hutegemea karani huyohuyo kutafuta barua. Akiondolewa, utafutaji unakuwa wa polepole na dhaifu, na barua ya wakala wa Dar es Salaam ya miaka miwili iliyopita inaweza kukuchosha kuipata. Anayesoma barua zake kwa Gmail ndani ya kivinjari hana wasiwasi huo, maana utafutaji unafanyika kwenye mitambo ya Google, si kwenye mashine yake.

Yapo pia yasiyoguswa kabisa. Kutafuta namba ndani ya jedwali la Excel uliloshalifungua kunabaki kama zamani. Programu za uhasibu zenye hifadhidata yake, kwa kawaida, hutafuta ankara kwa njia zake zenyewe. Simu yako haihusiki hata kidogo.

Ipo sababu moja nzuri ya kuzima ambayo haina uhusiano na kasi. Katika duka ambalo watu wanne hutumia kompyuta moja kwa akaunti moja, faharasa humrahisishia kila mmoja. Mtu akiandika neno "mshahara" au jina la mteja, yaliyomo ndani ya hati zako hujitokeza. Hapo dawa bora ni kila mtu kuwa na akaunti yake na neno lake la siri, kwa kuwa Windows haimwonyeshi mtu mafaili asiyoruhusiwa kuyafungua. Lakini kama hilo haliwezekani, kuondoa folda za siri katika orodha ya karani ni tahadhari ya busara.

Angalia kabla hujazima

Kabla ya kukubali dawa ya fundi, mwombe akuonyeshe ugonjwa. Bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha linaloonyesha kila programu na kiasi inachotumia. Bofya safu ya diski ili wanaotumia zaidi wapande juu. Kama Windows Search iko juu saa nzima, siku ya kwanza hadi ya nne, hapo kweli karani ana kasoro. Kama iko chini na juu kuna kitu kingine, mwache afanye kazi yake.

Hata akiwa na kasoro, bado kuna njia ya kati. Katika kisanduku cha kutafutia, andika "Indexing Options". Kompyuta iliyokuja na Kifaransa itakuonyesha "Options d'indexation". Hapo utaona orodha ya folda anazozunguka karani. Ondoa zile zenye filamu, nyimbo na picha za harusi, kisha acha folda moja tu ya hati za biashara. Badala ya kuzunguka ghala zima, atahudumia chumba kimoja, na hicho ndicho unachokihitaji. Kama hati zako ziko kwenye sehemu ya D, ni hapohapo unapoweza kumwongezea.

Kitabu kikiwa kimeharibika, dirisha hilohilo lina sehemu ya mipangilio ya ziada yenye kitufe cha kukijenga upya. Fanya hivyo usiku, chaja ikiwa imechomekwa, usimguse mpaka asubuhi. Kwa wanaotegemea betri, Windows 11 ina mpangilio unaoifanya faharasa iheshimu hali ya umeme, isifanye kazi nzito wakati chaji ni haba.

Na kama fundi ameshazima bila kukuambia, kurudisha si kazi ngumu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika services.msc, tafuta Windows Search katika orodha, uifungue. Kama mahali pa namna ya kuanza pameandikwa Disabled, badilisha iwe Automatic yenye maneno Delayed Start, kisha uianzishe. Usitarajie majibu dakika hiyohiyo. Karani ana kitabu cha kukamilisha, na kwa saa kadhaa kompyuta inaweza kuwa nzito kuliko ulivyozoea. Usifanye hivyo asubuhi ya siku unayosubiriwa mpakani.

Mzigo, mizigo, umuceri

Kuna jambo ambalo miongozo ya kompyuta haitwambii sisi wa ukanda huu. Faharasa hupenda maneno yanayoanza sawa. Mwingereza akiandika mwanzo wa neno lake, kompyuta humletea umoja na wingi kwa pamoja, kwa sababu lugha yake hubadilisha mwisho wa neno. Kiswahili hubadilisha mwanzo. Ukitafuta "mzigo", hati iliyoandikwa "mizigo" haiji. Ukitafuta "lori", hati ya "malori" inabaki gizani. Wanaoandika Kinyarwanda, Kirundi na Kiganda wako katika mtego huohuo. Kwa hiyo, hata karani akiwa kazini, tafuta mara mbili, umoja kisha wingi, kabla ya kukata tamaa.

Lugha zenyewe nazo ni nyingi. Mzigo mmoja wa mchele unaweza kuitwa "rice" katika ankara, "riz" katika barua ya mteja wa Goma, "umuceri" katika daftari la dukani Kigali, na "mchele" katika ujumbe wa muuzaji wa Tanzania. Kompyuta haijui kwamba hayo ni kitu kimoja. Anayejua ni wewe, na njia ya kuiambia ni jina la faili.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha jambo. Mtu aliyeyapa mafaili yake majina mazuri anaweza kuzima faharasa akalala usingizi, kwa sababu utafutaji wa majina unaendelea kufanya kazi hata bila karani. Mtu aliyeacha mafaili yaitwe "scan0012" na "IMG-20230514-WA0007" ameegemeza biashara yake yote kwa karani, na kwa hati za picha, hata karani hawezi kumsaidia.

Utaratibu ninaoufuata sasa ni rahisi, na unamfaa yeyote. Jina la faili linaanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kwa tarakimu. Likianza na mwaka, mafaili hujipanga yenyewe kwa tarehe. Kisha linafuata jina la mpaka, kisha bidhaa kwa lugha moja uliyoichagua na usiyobadilisha, kisha aina ya hati na namba yake. Kwa mfano: 2024-03-18 Rusumo mchele tamko, ikifuatiwa na namba ya tamko. Au: 2024-03-18 Rusumo mchele cheti cha asili. Hati zote za mzigo mmoja ziwekwe katika folda moja yenye jina lilelile. Kazi hiyo huchukua dakika tano siku mzigo unapofika, wakati kila kitu bado ki kichwani. Baada ya miaka mitatu inaweza kuchukua siku nzima.

Miaka mitatu si mfano wa kubuni. Biashara nyingi zilizopita Gatuna zilisimama Februari 2019, na mpaka ulifunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022. Katika kipindi kama hicho bei za zamani, majina ya wateja na masharti ya mikataba hukaa bila kuguswa, na aliyeziandika huenda hayupo tena dukani. Siku njia inapofunguka, anayepata hati zake kwanza ndiye anayepiga simu kwanza.

Usisahau nakala rudufu. Faharasa, hata ikiwa nzima, haihifadhi hati. Inaonyesha tu zilipo. Diski ikifa, kitabu na ghala vinakwenda pamoja. Folda ya hati za forodha inakaa vizuri kwenye diski ndogo ya kuchomeka, iliyofungiwa mahali tofauti na duka. Ukiipangilia majina, unaweza kuichomeka kwenye kompyuta ya wakala yeyote, Kigali au Kampala, na kupata hati bila karani wa mtu.

Nilirudi kwa yule fundi. Sikwenda kugombana. Nilimwomba awashe tena alichokizima na kuondoa folda za muziki katika orodha. Alifanya hivyo bila kinyongo, akaniuliza kwa nini sikumwambia mapema kwamba natafuta vitu kwa maneno ya ndani. Alikuwa na haki ya kuuliza. Sikuwa nimemwambia kwa sababu mimi mwenyewe sikujua kwamba kuna karani.

Kwa hiyo, siku utakapopeleka kompyuta ya biashara kwa fundi, mpe maelezo mawili kabla hajaifungua: ni folda gani ina hati za forodha, na kwamba asizime chochote bila kukuandikia alichozima. Ukirudi nyumbani, tafuta hati moja ya zamani unayojua ipo, kwa neno lililo ndani yake. Ikitokea, lala. Isipotokea, bora uligundue usiku huo, ukiwa na chai mkononi, kuliko siku afisa wa forodha anapoisubiri hati hiyo.